Kilabu Kisichouza Pombe



Juma hili sina budi kuanza na barua. Imetoka kwa baba mmoja wa huko Mbinga, mkulima wa kahawa na mahindi, msomaji wetu wa siku nyingi. Jina lake nalificha, maana mambo ya nyumba ni ya nyumba. Ameandika kurasa mbili kwa kalamu nyekundu, nami nikizifupisha zasema hivi. Kijana wake wa pili yuko Dar es Salaam, upande wa Temeke, kazi yake ni fundi wa umeme wa magari. Kila mwaka mvua zikikaribia humpelekea baba yake fedha za mbolea. Mwaka huu baba amepiga simu kuuliza, kijana akajibu: "Baba, nivumilie kidogo, mwezi huu nimetoa mchango wa kilabu."

Basi, mzee hakulala. Kilabu! Huko vijijini sote twajua kilabu ni kitu gani. Ni kile kibanda cha nyasi ambako mtu huingia mchana na fedha, akatoka usiku na wimbo. "Mtoto niliyemlea vizuri," aandika baba yule, "leo amekuwa mtu wa kuchangia kilabu, na shamba langu lalia. Wewe mzee mwenzangu uko karibu naye. Nenda ukamwone kwa macho yako, kisha uniambie kweli, hata kama ni chungu."

Chini ya barua aliweka namba ya simu ya kijana. Nikapiga. Nilipomweleza sababu, kijana alicheka sana, kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Shikamoo mzee. Njoo Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, uwanja wa Mwembe Yanga. Uje na raba."

Kilabu gani hicho kinachofunguliwa saa kumi na moja alfajiri? Nikaenda. Raba sikuvaa.

Kwa wale ambao hawajafika kwetu, niseme kwamba Dar es Salaam siyo zile nyumba ndefu za karibu na bandari tu. Kwa miaka mingi jiji lilikuwa na wilaya tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke. Siku hizi ziko tano, maana Ubungo na Kigamboni zimepata zao. Temeke iko kusini, njia ya kwenda Kilwa. Huko nyumba zimebanana, watu wa kila kabila na kila dini wamepanga chumba kwa chumba, na saa kumi na moja alfajiri wauza maandazi wamekwisha washa moto.

Pale uwanjani kulikuwa bado giza. Nikaona watu wakija mmoja mmoja, wengine wametoka msikitini swala ya alfajiri ilipokwisha, wengine macho yamejaa usingizi. Wakafika kama arobaini. Walikuwapo akina mama wauza chakula, mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, madereva wa bajaji, fundi cherehani, na mzee mmoja mstaafu wa bandari ambaye kwa mvi zake alinipita mimi. Wote walivaa fulana za buluu zenye jina la mtaa wao mgongoni. Wakasimama duara, mmoja akaomba dua kwa namna yake, mwingine akasali kwa namna yake, kisha filimbi ikalia.

Wazee wangu, nilicheka peke yangu. Kumbe ni mchakamchaka! Ule ule tuliokimbia shuleni asubuhi, mwalimu wa zamu akifuata nyuma na fimbo. Ule ule ambao vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa wamekimbia tangu jeshi hilo lilipoanzishwa mwaka 1963. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na miguu yote yapiga chini kwa pamoja. Mjini wameupa jina jipya, wanauita jogingi, na kikundi cha kuukimbia wanakiita klabu. Kule Kinondoni, Mwananyamala, Mbagala, Tandika, waweza kuvikuta vikundi namna hii mtaa kwa mtaa, kila kimoja na rangi ya fulana yake. Siku nyingine wanaalikana, wanakimbia pamoja halafu wanafanya bonanza, yaani michezo ya kutwa: mpira, kuvuta kamba, na muuguzi amekaa chini ya mti akiwapima watu presha. Mwishoni mwa 2016 serikali nayo iliwahimiza wananchi wote wafanye mazoezi, ikataja Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Lakini kwa watu hawa Jumamosi zote ni sawa.

Mtauliza, na mtu mzima akimbie kwa nini? Wahenga walisema ukimwona mtu mzima anakimbia, ujue anafukuza au anafukuzwa. Nami nawajibu: hawa wanafukuzwa. Wanafukuzwa na presha na kisukari. Mkulima wa Mbinga anayelima ngoro mlimani na kushuka na gunia la kahawa hana haja ya kuambiwa atoke jasho. Lakini mshonaji aliyekaa kwenye cherehani kuanzia asubuhi hadi usiku, akala chipsi, akapanda daladala kurudi nyumbani, huyo mwili wake unaota kutu kama jembe lililosahauliwa mvuani. Madaktari wanasema mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Mama mmoja aliniambia kwamba alipoanza alishindwa kukimbia toka nguzo ya umeme hadi nguzo ya pili. Sasa anafika daraja la Kigamboni na kurudi.

Hilo daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, lina urefu wa meta 680, na ndilo mlima wao. Maana Temeke ni tambarare kama meza. Mtu akitaka kujifunza kupanda, hana kilima ila daraja.

Mimi nilikodi bajaji nikafuata nyuma, na hapo nikaona jambo lililonishangaza. Nilidhani wenye nguvu watatangulia. Sivyo. Wale wazito, wale wazee, na yule mama aliyeanza majuzi, wote wamewekwa mbele, na vijana wenye miguu ya swala wako nyuma, wamekatazwa kuwapita. Mwendo wa kikundi chote ni mwendo wa yule anayechoka upesi. Mbele kabisa kuna mtu mwenye kibendera chekundu, na nyuma yuko mwingine, wa kuzuia magari. Na ni lazima, maana bodaboda wa Dar es Salaam hamwogopi mtu. Hapa sitaficha: barabara ni hatari. Wengine wanakimbia na nguo nyeusi gizani, na kiongozi wao aliwakaripia mbele yangu, akawarudisha wawili nyumbani.

Tuliporudi uwanjani nikaomba kuona vitabu vyao. Wana katiba. Klabu za michezo nchini husajiliwa kwa msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1967, na hawa cheti chao wamekitia kwenye fremu. Mweka hazina ni yule mwalimu wa shule, mwanamke mkali wa hesabu. Ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Fedha hizo hazinunui hata soda. Zinaingia katika mfuko wa maafa: mwanachama akilazwa, akifiwa, akiunguliwa na nyumba. Nikafungua daftari polepole, ukurasa kwa ukurasa, nikaona mstari mmoja wa miaka miwili iliyopita ulionifanya nivue miwani na kuifuta. Nitausema baadaye.

Sasa tuje kwenye ule mchango uliomkosesha baba yetu usingizi. Haukuwa ada ya mwezi. Ulikuwa shilingi 35,000 za kuingia katika mbio.

Siku hizi nchini kwetu kuna mbio nyingi za namna hii. Zile za Kilimanjaro, pale Moshi, zilianza 2003 na hufanyika kila mwaka kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi. Wakimbiaji wa nusu maratoni hupandishwa hadi upande wa Mweka, na mtu wa Temeke aliyezoea daraja huko hulia machozi. Mwanza kuna Rock City. Halafu kuna mbio za hisani, yaani watu hulipa ili wakimbie, na fedha zinasaidia wenye shida. Benki ya CRDB ilianza zake 2020 jijini Dar es Salaam, kusaidia watoto wenye ugonjwa wa moyo wapasuliwe katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Benki ya NBC nayo ina zake Dodoma, kwa ajili ya mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Mtu huchagua masafa: kilometa 5, au 10, au 21 na kidogo, au maratoni nzima ambayo ni kilometa 42 na meta 195. Hiyo ya mwisho ni kama kutoka katikati ya jiji kwa miguu hadi Kibaha.

Ukilipa unapewa fulana, na namba ya kubandika kifuani. Namba hiyo nyuma yake ina kidude chembamba kama ukucha. Ukipita mwanzo na mwisho, mashine inakisoma na kuandika muda wako. Na kila anayefika mwisho huvishwa medali, wa kwanza na wa elfu moja sawasawa.

Niliposikia hilo la medali nilinuna. Medali ya kila mtu ni medali gani? Nikamwuliza yule mzee wa bandari. Akaweka chini chupa yake ya maji, akaniuliza: "Mwenzangu, Akhwari humkumbuki?"

Nani asiyemkumbuka? Lakini watoto wetu hawakuwapo, basi nisimulie. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia maratoni kwa ajili ya Tanzania. Mji ule uko juu sana, zaidi ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari, na pumzi ni haba. Akhwari alianguka, goti likaumia vibaya. Mamo Wolde wa Ethiopia akashinda, akapongezwa, watu wakaanza kwenda zao. Baadhi ya walioanza pamoja na Akhwari walikuwa wamekwisha acha njiani. Saa nzima na zaidi ikapita tangu mshindi afike, giza limeingia, ndipo akaonekana mtu mmoja akiingia uwanjani anachechemea, mguu umefungwa bendeji, akamaliza. Alikuwa wa 57, wa mwisho katika waliofika. Waandishi walipomwuliza kwa nini hakuacha, aliwajibu kwamba nchi yake haikumtuma ng'ambo yote ile aje kuanza mbio, ilimtuma azimalize.

"Basi," akasema mzee, "wa kwanza twampenda. Juzi tu, tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Singida alimpita Mjerumani pale Tokyo kwa sehemu tatu katika mia za sekunde moja, akawa bingwa wa dunia, Mtanzania wa kwanza. Nililia mbele ya televisheni. Lakini mimi kuwa Simbu siwezi. Kuwa Akhwari naweza kujaribu."

Sikuwa na la kujibu.

Wakanialika niende nao siku ya mbio, nikashike mabegi. Ilikuwa Jumapili, na hapa nina neno na nalisema wazi. Karibu mbio zote zinawekwa Jumapili asubuhi. Nilimwuliza kijana wetu, na Misa je? Akasema kikundi chao huenda Misa ya jioni siku ya mbio, na kweli jioni ile nilimwona kanisani, anatembea kama aliyepanda punda siku tatu. Lakini wako wengine ambao medali ikishavaliwa wanakwenda kulala hadi Jumatatu. Waandaaji wangeweza kuchagua Jumamosi, na wasingepungukiwa na kitu.

Basi tulipanda Coaster ya kukodi saa tisa na nusu usiku. Watu ishirini na watatu, ndizi mikungu miwili, na maji. Kijana wa Mbinga alikaa karibu nami. Akaniambia siri yake: kwa miezi sita amejifunza ili akimbie zile kilometa 21 chini ya saa mbili. Mara mbili amejaribu, mara mbili amezikosa kwa dakika chache. Safari hii ana hakika. Alikuwa ameandika muda wa kila kilometa kwenye mkono wake kwa kalamu.

Katika kikundi alikuwapo pia mama mmoja muuza chakula, amepita arobaini, mwili wake si mwepesi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kujaribu kilometa 21.

Wakaondoka saa kumi na mbili kasoro. Njia yao ilikwenda pwani, ikapanda daraja la Tanzanite lililo juu ya bahari, ikageuka mbele, ikarudi njia ile ile. Mimi nilisubiri mwishoni na mabegi yangu. Saa moja na nusu ikapita, wakaanza kufika wale wepesi. Saa mbili zikakaribia, nikanyoosha shingo nimwone kijana wangu. Hakuna. Saa mbili zikapita. Wenzake wakaja mmoja mmoja, hata yule mzee wa bandari akafika, miguu inatetemeka, anacheka. Kijana hayupo, na yule mama hayupo.

Haya niliyasikia baadaye. Kijana alikuwa amekwisha geuka, anarudi, amefika kilometa ya 12, na muda wake uko mbele ya ule alioandika mkononi. Hapo akamwona mama upande wa pili wa barabara, yeye bado anakwenda, ndiyo kwanza kilometa ya 9, amekaa juu ya ukingo, msuli wa mguu umekaza na uso umebadilika. Watu wa huduma ya kwanza walimnyosha mguu, wakamwambia apande gari. Akakataa. Akasema amewaambia wateja wake wote kwamba atafika.

Kijana akasimama. Akatazama saa. Kisha akavuka barabara.

Na hapa angalieni hesabu. Mama alikuwa bado hajafika pa kugeukia. Basi kijana ambaye alikuwa amekwisha geuka, ilimbidi aende tena mbele pamoja naye, kilometa moja na nusu, wageuke, na kilometa moja na nusu kurudi pale aliposimama. Kilometa tatu za bure, ambazo hazikuandikwa na mashine wala na mtu. Wakatembea, wakakimbia kidogo, wakatembea. Jua likapanda. Mnaojua jua la pwani mwezi wa kumi na moja mtanielewa.

Pale mwishoni wenye mahema walikuwa wameanza kuyafungua. Muziki umezimwa. Lakini kikundi chetu hakuna aliyeondoka; kanuni yao ni kwamba gari halitoki hadi wa mwisho afike. Walipoonekana kwa mbali, wenzao wenye fulana za buluu wakatoka kwenda kuwalaki, wakaanza wimbo wao wa mchakamchaka, wakaingia nao kwa miguu ya pamoja. Saa tatu na dakika kumi. Mama akavishwa medali, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa yai.

Ningeishia hapo mngefurahi, lakini mambo ya watu hayaishi vizuri hivyo. Ndani ya Coaster ugomvi ulizuka. Kapteni wao, kijana mwenye miguu mirefu, alikasirika kweli. Akasema: "Kila mita kadhaa palikuwa na wauguzi. Umelipa, umejifunza miezi sita, ungeandika muda wa kutuheshimisha. Kanuni yetu ya kungojana ni ya mazoezini, si ya mashindano." Wengine wakamwunga mkono. Na yule mama mwenyewe, badala ya kushukuru, akageuka akamwambia kijana kwa hasira: "Mwanangu, mimi sikukuomba. Umenifanya nionekane mgonjwa. Ningefika peke yangu, hata saa sita mchana." Machozi yalimtoka.

Kijana alijibu neno moja tu: "Mama, ningefika mapema, ningekaa pale kukungoja. Sasa tofauti iko wapi?" Kisha akalala, au akajifanya amelala. Ule muda ulioandikwa mkononi ulikuwa umefutika kwa jasho.

Mimi sikutia neno. Hata leo sijui nimpe nani haki. Mama alikuwa na haki ya kuanguka na kuinuka mwenyewe, na kapteni naye hakusema uongo. Nilichoona ni kwamba tulipofika Temeke, mama ndiye aliyemwamsha kijana, na jioni ile alimpelekea wali na samaki kwa sahani iliyofunikwa.

Lakini kijana sikumwacha hivi hivi. Nilimweka kando siku ya pili, nikamwambia: "Mwanangu, ada ya mfuko wa maafa lipa, wala usiiache. Lakini mwaka huu umeingia mbio ngapi?" Akasema nne. Nikamwambia piga hesabu. Nne mara 35,000 ni shilingi 140,000, bado nauli na ndizi. "Na fulana unazo ngapi?" Akainamisha kichwa. Anazo tisa. Fulana tisa, na baba yake ana mashati mawili! Hisani ni njema, na mtoto mwenye moyo mgonjwa asaidiwe. Lakini mahindi ya Mbinga yakitoka manjano kwa kukosa mbolea, hakuna benki itakayoyafanyia mbio. Akasema, "Kweli mzee, hapo nimekosa." Na kwa kuwa ni kijana mwenye adabu, hakuniambia kwamba mimi nami nilikula ndizi sita.

Jioni nikampigia simu baba yake. Nikamwambia, mzee mwenzangu, nimekwenda, nimeona, kilabu hakina pombe. Ni kikundi cha kukimbia. Akaguna. "Kukimbia? Mtu mzima? Anamfukuza nani?" Nikamweleza habari ya presha, na daraja, na kapteni, na yule mama. Akawa anaguna tu. Nikaona sasa niutaje ule mstari wa daftari.

Nikamwuliza: "Miaka miwili iliyopita, ulipofiwa na mama watoto, mwanao alifika lini?"

"Alifika siku ya pili yake, usiku. Alikuja na wenzake wawili."

"Wenzake gani?"

"Wa kazini, nilidhani. Vijana wa watu. Mmoja Mwislamu, lakini alichimba kaburi kuliko watoto wa ndugu zangu. Walituletea na rambirambi katika bahasha. Sikuwahi kuwashukuru vizuri, waliondoka asubuhi mapema."

Nikamsomea nilivyonakili: nauli ya watu watatu, Dar es Salaam hadi Songea, Songea hadi Mbinga, kwenda na kurudi, rambirambi, chakula cha njiani. Na chini yake, majina ya wanachama waliochangia zaidi ya ada yao. Jina la pili katika orodha lilikuwa la yule mama muuza chakula.

Simu ikanyamaza muda mrefu, hata nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema taratibu, "Kumbe ndicho hicho kilabu."

"Ndicho hicho."

"Na huyo mama, mguu wake umepona?"

"Umepona. Anauza chakula kama kawaida."

"Mwambie baba yake yule kijana anamsalimu sana. Na wale wawili pia." Akakohoa. "Lakini mzee, nikuambie kweli, mbolea bado sijaiona."

Imefika Ijumaa iliyopita, mifuko miwili. Mbio za mwezi ujao kijana hakujiandikisha. Atasimama barabarani na ndoo, akiwagawia wenzake maji. Mama wa chakula amekwisha lipa ya kwake.